Mpaka wa Kenya na Tanzania: hesabu zilizotangulia kufunguliwa kwake mwaka 1983

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limezama kwenye madeni, Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Tanzania ikajibu kwa kufunga njia na kushikilia magari na ndege ndogo za watalii zilizokutwa upande wake. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka bidhaa Zambia yakakosa pa kupita. Kufikia mwisho wa Juni bajeti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyounganisha Kenya, Tanzania na Uganda, haikupitishwa, na Jumuiya ikafa.

Ugomvi wa viongozi unafahamika: Nyerere alikataa kukaa meza moja na Idi Amin aliyepindua serikali ya Uganda mwaka 1971, kwa hiyo kikao cha juu cha marais watatu hakikukaa tena. Lakini Amin aliondoka Aprili 1979, Moi alikuwa ameshamrithi Kenyatta tangu 1978, na mpaka ukaendelea kufungwa. Kilichokwamisha mambo ni mali. Reli, bandari, posta na simu, na ndege vilikuwa vya nchi tatu kwa pamoja. Makao makuu ya reli na ya ndege yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala. Jumuiya ilipovunjika, kila serikali ikashika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Behewa lililokutwa Voi likawa la Kenya, lililokutwa Tabora likawa la Tanzania, ingawa yote mawili yalinunuliwa kwa mfuko mmoja.

Kwa msaada wa Benki ya Dunia nchi hizo zilimpata msuluhishi, Victor Umbricht, Mswisi aliyewahi kuwa mwanadiplomasia. Kazi ilimchukua zaidi ya miaka sita, na anayeshangaa urefu huo hajawahi kugawa mirathi. Kwanza lazima kuwe na tarehe moja ya hesabu, maana gari la moshi linachakaa na deni linaongezeka riba kila siku. Ikachukuliwa 30 Juni 1977. Pili ni thamani. Kichwa cha treni kilichonunuliwa miaka ya sitini kina bei moja vitabuni baada ya kukatwa uchakavu, na bei nyingine kabisa ukitaka kununua kipya. Mwenye vichwa vingi mkononi hupenda bei ya vitabuni. Asiye navyo hupenda ile nyingine. Tatu ni madeni: mkopo uliojenga gati una nchi tatu zilizoudhamini, lakini gati liko kwa mmoja.

Baada ya hapo ndipo asilimia zinapojadiliwa. Zilizokubaliwa ni Kenya 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Hakuna aliyeng'oa reli kumpelekea mwenzake. Kila nchi ilibaki na ilichonacho, kisha kikalinganishwa na haki yake. Tuchukue tarakimu za kufundishia tu: mali yote baada ya kutoa madeni iwe shilingi 100. Uganda ina haki ya 26, lakini iliyonayo ni ya 20. Kenya inayo ya 46, Tanzania ya 34. Basi Kenya inalipa 4 na Tanzania 2, Uganda inapata 6 zake. Tarakimu halisi zilikuwa nyingine, ila mwelekeo ulikuwa huohuo: Uganda, isiyo na bahari wala gati, ndiyo iliyopungukiwa, na majirani wawili wakakubali kuifidia.

Novemba 1983 Moi, Nyerere na Obote, rais wa Uganda, walikutana Arusha, wakaafikiana kuhusu mgawanyo, na mpaka ukatangazwa kufunguliwa. Hati yenyewe ya usuluhishi ilitiwa saini hapohapo Arusha tarehe 14 Mei 1984. Angalia mpangilio huo: malori hayakungoja wino ukauke, lakini yalingoja asilimia.

Hati iliacha hai vyombo vichache vilivyonusurika, kama Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki na chuo cha urubani cha Soroti. Iliweka pia kifungu cha 14, kinachozitaka nchi tatu zitafute maeneo mapya ya kushirikiana. Kifungu hicho, ambacho wakati ule kilionekana kama maneno ya adabu tu, ndicho kilichotumika kuzaa makubaliano ya tume ya pamoja mwaka 1993 na Mkataba wa Jumuiya ya sasa mwaka 1999.

Pensheni haikwenda vizuri hivyo. Kila nchi ilibeba jukumu la kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya na mashirika yake, kwa stahili walizokuwa nazo hadi siku ile ya hesabu, 30 Juni 1977. Hati ilisema nani alipe. Haikuwa na mkono wa kumlazimisha. Wastaafu wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003 na kufikia makubaliano na serikali mwaka 2005, zaidi ya miaka ishirini baada ya saini za Arusha. Wengi walikuwa wameshazikwa, na madai yakabaki kwa warithi.

Utalii nao uliachwa kwa makubaliano ya pembeni ya mwaka 1985, yaliyopanga magari ya watalii ya nchi moja yafike wapi ndani ya nchi nyingine. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya watalii yenye namba za Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, mpaka marais wakaingilia kati Machi 2015.

Na "mpaka umefunguliwa" haikumaanisha kila njia. Namanga, Holili, Horohoro na Sirari zinapitisha watu na mizigo. Bologonja, geti kati ya Serengeti na Maasai Mara, lilifungwa mwaka 1977 na halijarudi kuwa njia ya kawaida ya watalii. Nyumbu wanavuka huko kila mwaka. Mtalii aliyekuwa akiwatazama upande wa Mara huzunguka hadi Sirari au Namanga ili awafuate.