Kibarua kinapotaka kuota nyasi kabla hujathibitishwa kazini

Mtu akiachishwa kazi baada ya miaka kumi hupewa pole. Akiachishwa mwezi wa tatu huulizwa alifanya nini. Aibu hiyo ndiyo inayowafanya waajiriwa wapya wengi wanyamaze wanapoona mambo yanaharibika: wanainamia kazi, wanakwepa macho ya msimamizi, wanaomba Mungu siku ya tathmini ichelewe. Sisi tunaotoa ushauri wa masuala ya ajira hukutana nao baadaye, barua ikiwa tayari mkononi, na mara nyingi ukifuatilia unakuta zilikuwepo wiki kadhaa ambazo mwajiri alikuwa bado hajaamua. Makala hii inahusu wiki hizo.

Kwanza tutenganishe hofu na dalili. Bosi anayekurudishia ripoti imejaa wino mwekundu bado anahangaika na wewe. Asiyetaka ubaki hapotezi muda kukufundisha. Wa kutilia shaka ni yule aliyekuwa akikusahihisha kila siku, kisha akaacha ghafla. Dalili nyingine ni kazi zako kugawiwa wenzako bila maelezo, kuachwa nje ya vikao vinavyohusu majukumu yako, maagizo ya mdomo kugeuka barua pepe zenye nakala kwa idara ya utumishi, au kuitwa "tuzungumze kidogo" na kumkuta ofisa utumishi amekaa pembeni na daftari. Dalili moja peke yake haina uzito. Zikija mbili tatu kwa pamoja, usisubiri ya nne.

Kabla ya kuongea na yeyote, soma mkataba wako mpaka mwisho, pamoja na kanuni za utumishi zinazotajwa ndani yake, maana vifungu vinavyouma mara nyingi viko humo. Unatafuta muda wa matazamio, yaani kipindi cha kupimwa kabla ya kuthibitishwa, ni miezi mingapi, notisi ya kipindi hicho ni siku ngapi, nani ana mamlaka ya kukuthibitisha, na kama muda huo unaweza kuongezwa, kwa utaratibu gani. Angalia pia inakuwaje muda ukiisha bila barua yoyote. Iko mikataba inayomhesabu mtu huyo kuwa amethibitishwa, na iko inayodai barua ya uthibitisho kwanza. Cha kushangaza ni kwamba wengi hawajui hata tarehe yao ya mwisho ya matazamio. Iandike kwenye kalenda, kisha wiki tatu kabla haijafika mwandikie msimamizi kuomba tathmini.

Sasa haki. Wapo wanaoamini kwamba aliye kwenye matazamio hana haki yoyote, na wapo wanaodhani analindwa sawasawa na aliyethibitishwa. Wote wamekosea. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri. Unataka pia apewe nafasi ya kujitetea kabla hajaachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji. Lakini mkataba huohuo unaziruhusu nchi kuwaweka kando walio kwenye matazamio, mradi muda huo umepangwa mapema na ni wa kadiri. Nchi nyingi hazijauridhia, ila mpangilio wa namna hiyo unaonekana katika sheria nyingi za kazi. Tanzania, masharti kuhusu uachishaji usio wa haki hayamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri wake chini ya miezi 6. Ujerumani nako, sheria ya kinga dhidi ya kufukuzwa huanza kumlinda mfanyakazi baada ya miezi 6. Kwa hiyo ndiyo, katika kipindi hiki mwajiri ana uhuru mkubwa kuliko atakaokuwa nao baadaye.

Uhuru huo una mipaka. Kumwachisha mtu kwa sababu ya jinsia, rangi, dini, asili ya kijamii au maoni ya kisiasa ni ubaguzi ambao Mkataba Na. 111 wa mwaka 1958 unazitaka nchi ziuondoe katika ajira. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 unakataza kumwachisha mwanamke kwa sababu ya ujauzito, na unamtwika mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba sababu ilikuwa nyingine. Katika nchi nyingi kinga za aina hii zinaanza siku ya kwanza ya kazi. Ukitoa taarifa ya ujauzito Jumatatu, na Ijumaa ukaambiwa "huendani na timu", usiyaache maneno hayo yapite hivihivi. Nenda mapema kwa chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi au mwanasheria.

Wengi, hata hivyo, hawako kwenye hali hiyo. Wanaambiwa utendaji wao ni mdogo. Na hapa nina msimamo wangu: sehemu kubwa ya lawama za utendaji katika miezi ya mwanzo ni ugomvi kuhusu vipimo ambavyo hakuna aliyevitamka. Tangazo la kazi lilisema hivi, kwenye usaili ikazungumzwa vile, msimamizi ana la kwake kichwani, na aliyekutangulia kwenye kiti hicho alikuwa akifanya mambo matano ambayo hayakuandikwa popote lakini kila mtu anayategemea. Mgeni anafanya alichoelewa, tena kwa bidii, kumbe anapimwa kwa kingine. Kazi yako ya kwanza ni kukitoa kipimo hicho kichwani mwa bosi na kukiweka kwenye maandishi.

Omba kikao wewe mwenyewe. Robo saa inatosha. Usifungue kwa kuuliza "mna mpango wa kunifukuza?" Atakana, hata kama upo, na mazungumzo yatakuwa yamekufa. Sema hivi: "Nimebakiza wiki sita za matazamio. Ungependa kuona nini kutoka kwangu ili uridhike kunithibitisha?" Kisha nyamaza. Usijitetee katika dakika za kwanza, hata akisema jambo lisilo la kweli, liandike, utalirudia. Akikujibu "ongeza bidii", usitoke na jibu hilo. Muulize ni kazi ipi hasa haikumridhisha, na ingekuwaje ndipo aseme sawa. Wasimamizi wengi huanza kufikiri vizuri wanapoulizwa namna hii, na wengine hugundua palepale kwamba hawakuwahi kukueleza.

Siku hiyohiyo, kabla hujaondoka kazini, mwandikie. Barua pepe ya namna hii inatosha:

"Asante kwa muda wako leo. Nilivyoelewa, mambo matatu yanahitaji kurekebishwa: ripoti ya wiki ifike Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, hesabu zihakikiwe na mwenzangu kabla ya kutumwa, na wateja wajibiwe ndani ya siku moja. Naanza kesho. Naomba tukutane tena baada ya wiki mbili tuone maendeleo. Kama kuna nililoelewa vibaya, tafadhali nisahihishe."

Hakuna kulia humo, hakuna kushtaki mtu. Ukifanikiwa, una vipimo ambavyo bosi hawezi kuvihamisha kimyakimya. Mambo yakiharibika, una kumbukumbu yenye tarehe inayoonyesha uliambiwa nini na ukafanya nini. Pendekezo Na. 166 la ILO, linaloambatana na ule mkataba wa 1982, linasema mtu asiachishwe kwa utendaji usioridhisha mpaka awe amepewa maelekezo yanayofaa na onyo la maandishi, kisha ukapita muda wa kutosha wa kujirekebisha. Sheria ya nchi yako huenda haimlazimishi mwajiri kufika huko kwa aliye kwenye matazamio, lakini ni kipimo cha haki ambacho unaweza kukitaja kwa heshima mezani.

Lawama ikiwa ya kweli, anza kurekebisha inayoonekana zaidi, hata kama si kubwa kuliko zote. Kama kuna programu au utaratibu hukuwahi kufundishwa, sema hivyo na uombe mafunzo kwa maandishi. Ikiwa si ya kweli, jibu kwa tarehe na nyaraka, na maneno kama "uonevu" na "fitina" yaache nyumbani.

Kuna njia ambayo watu huisahau: kuomba matazamio yaongezwe kwa muda mfupi, kwa malengo yaliyoandikwa. Mwajiri naye ana hesabu zake. Kutangaza nafasi upya, kusaili na kufundisha mtu mwingine kunagharimu, na msimamizi anayesitasita mara nyingi atapendelea mwezi mmoja zaidi kuliko kuanza upya. Hakikisha nyongeza hiyo inakuja kwa barua.

Wakati huohuo, usimpe mwajiri sababu rahisi. Kuacha kwenda kazini kwa hasira kunageuza suala la utendaji kuwa utoro, na utoro hauna utetezi. Kulalamika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ni kuandika ushahidi dhidi yako. Nyaraka zako binafsi, yaani mkataba, hati za mshahara, barua na tathmini, tunza nakala nyumbani. Orodha za wateja na mafaili ya taasisi usiyaguse, maana kuyatuma kwenye barua pepe yako binafsi kunaweza kuwa kosa la kukufukuzisha papo hapo.

Ukiitwa kwenye kikao rasmi, uliza mapema kinahusu nini na kama unaruhusiwa kwenda na mwenzako au mwakilishi wa chama. Ukipewa barua, isome yote ndipo usaini, na karibu na saini andika "nimeipokea" pamoja na tarehe. Kupokea barua si kukubali yaliyomo. Ukishauriwa ujiuzulu "kwa heshima yako", omba siku moja ya kufikiri. Wakati mwingine ni ushauri mzuri, na wakati mwingine ni mwajiri anayekwepa notisi. Aliyejiuzulu mwenyewe, katika nchi nyingi, hupata shida kudai kwamba aliachishwa, kwa hiyo ujue kwanza utalipwa nini na watasema nini wakipigiwa simu na mwajiri wako ajaye.

Ukimwaga unga, dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya notisi kama hukupewa muda wake, likizo uliyolimbikiza kama sheria au mkataba unairuhusu, na cheti cha utumishi. Kama unaona uliachishwa isivyo halali, uliza leo, si mwezi ujao, muda wa kufungua shauri ni upi. Tofauti ni kubwa mno: Ujerumani ni wiki 3, Tanzania shauri la kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, Kenya sheria ya ajira inatoa miaka 3 kwenda mahakamani. Kwa kawaida hesabu huanza barua inapotolewa au ajira inapokoma, na siku unazotumia kumsubiri bosi akufikirie upya zinahesabiwa humohumo.