Mwinuko wa densite ukipanda, hewa imepungua

"Leo mwinuko wa densite uko juu, kwa hiyo hewa ni nzito." Sentensi hii unaisikia Goma, unaisikia Lubumbashi, na kinachokera zaidi ni kuikuta imeandikwa kwa chaki kwenye darasa la fizike, mbele ya watoto wanaotaka kujua ndege inarukaje. Nusu yake ya kwanza inaweza kuwa kweli. Nusu ya pili ni kinyume cha kweli.

Maana yenyewe ni fupi. Dunia imekubaliana juu ya anga moja la kufanyia hesabu, linaloitwa atmosfera sanifu: kwenye usawa wa bahari joto ni nyuzi 15, mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1013.25, meta moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225, na joto linashuka nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1000. Mwinuko wa densite ni ule mwinuko wa ndani ya anga hilo la makubaliano ambapo hewa ingekuwa na densite (kilo za hewa katika meta moja ya ujazo) sawa na hii uliyo nayo hapa, saa hii. Wanaosoma kwa Kifaransa wanaujua kwa jina la altitude-densité. Basi.

Tatizo linaanza pale mtu anaposikia neno "densite" akasahau neno lililotangulia. Kinachopimwa ni mwinuko. Jibu lake ni mita, au futi kama wewe ni rubani. Densite imetajwa kueleza tu tumelinganisha nini na nini. Na kwa kuwa hewa inapungua kadiri unavyopanda, namba ikiwa kubwa maana yake ni hewa chache. Mwinuko wa densite wa mita 2300 ni hewa hafifu kuliko ya mita 1500. Mwinuko wa densite na densite yenyewe vinakwenda kinyume siku zote, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na hakuna hali ya hewa inayoweza kuvipandisha pamoja. Mwanafunzi akikariri "densite iko juu" badala ya "mwinuko wa densite uko juu", hajafupisha maneno. Amegeuza jibu.

Kosa hili linapata nguvu kutokana na lugha ya kila siku. Mchana wa joto na unyevu, kabla ya mvua, tunasema hewa ni nzito. Mwili ndio unaoona uzito huo, kwa sababu jasho halikauki. Mizani ingesema mengine. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya nitrojeni 28, ya oksijeni 32. Hewa kavu kwa wastani ni karibu 29. Kwa joto na mgandamizo uleule, meta moja ya ujazo inabeba idadi ileile ya molekuli, kwa hiyo kila molekuli ya mvuke inayoingia imechukua nafasi ya moja iliyo nzito kuliko yenyewe. Hewa yenye unyevu ni nyepesi. Si kwa kiasi kikubwa, lakini kipo: Goma, kwenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, mvuke peke yake unaongeza mwinuko wa densite kwa mita 120 hivi.

Joto ndilo mkosaji mkubwa. Uwanja wa ndege wa Goma uko karibu mita 1550 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo, atmosfera sanifu inataka joto la nyuzi 5. Hakuna mtu wa Goma aliyewahi kula chakula cha mchana kwenye nyuzi 5. Tuseme ni 27, na mgandamizo ni ule wa kawaida wa mwinuko huo. Tofauti ni nyuzi 22. Kanuni ya marubani inasema kila nyuzi 1 ya ziada inaongeza futi 120, yaani mita 36.6, kwa hiyo tunaongeza mita 805. Bawa linajiona liko mita 2355. Hewa iliyobaki ni kama asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari.

Sasa nenda Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, karibu mita 1310. Chini kuliko Goma, ndiyo. Lakini mchana wa Oktoba kipimajoto kikifika 33, hesabu ileile inatoa takriban mita 2280. Goma saa moja asubuhi, kwenye nyuzi 18, ni karibu mita 2025. Kwa ndege, basi, Lubumbashi ya mchana iko juu kuliko Goma ya asubuhi, hata kama ramani inakataa.

Na hapa ndipo wengine wanasema, "Ah, moteri inakosa oksijeni." Moteri ni sehemu moja tu. Moteri ya pistoni isiyo na turbo inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake kwenye mwinuko wa densite wa mita 2355, na rubani asipopunguza petroli kwenye mchanganyiko inapoteza zaidi, plagi zikachafuka. Lakini propela nayo inasukuma hewa chache, na bawa nalo linahitaji mwendo zaidi ili kubeba uzito uleule. Saa ya kasi haionyeshi hilo, maana nayo inategemea msukumo wa hiyo hiyo hewa hafifu. Rubani anasoma kilomita 100 kwa saa kama kawaida, kumbe ardhi inapita chini yake kwa 112. Umbali wa kukimbia unafuata mraba wa kasi, kwa hiyo ni robo zaidi kabla hujaanza kuhesabu moteri iliyochoka. Na wakati wa kutua breki zinadaiwa robo hiyohiyo. Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipofunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia ya Goma, ilikata urefu mahali ambapo hewa yenyewe inadai urefu zaidi.

Somo hili halihitaji maabara. Linahitaji kipimajoto cha kawaida na telefoni yenye kipima mgandamizo ndani yake. Baadhi ya telefoni zinacho. Soma mgandamizo, utafute kwenye jedwali la atmosfera sanifu ni mwinuko gani (840 ni karibu mita 1550, na kwa Goma kila hektopaskali 1 ya tofauti ni karibu mita 10). Toa joto sanifu la mwinuko huo kwenye joto ulilopima. Zidisha kwa 36.6, jumlisha na mwinuko ulioupata kwenye jedwali.

Makosa yanayojirudia ni yaleyale. Mwanafunzi anachukua 1015 kutoka programu ya hali ya hewa badala ya kipimo cha telefoni yenyewe. Namba hiyo imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari, na ghafla Goma inajikuta Muanda, kando ya bahari. Mwingine anatoa 15 badala ya 5, na anapoteza zaidi ya mita 360 kwa mstari mmoja. Kipimajoto kinaachwa juani, au kinaegemezwa kwenye mabati, na darasa zima linapanda mita 300 bila sababu. Kiweke kivulini, pepo ikipita, juu kidogo ya kiuno, usubiri dakika chache.

Anayesema sokoni kwamba hewa ni nzito, tumwache; anaeleza jasho lake na hakuna ndege itakayoanguka kwa hilo. Kwa mwalimu ombi ni dogo: ubaoni aandike maneno yote matatu, "mwinuko wa densite", asikate la mbele. Na mtoto akileta jibu la kilo, amrudishie daftari taratibu amwambie hapa tunatafuta mita.