Kuzoesha miche jua: tazama jani jipya, achana na kalenda

Miche iliyooteshwa ndani huwa inadanganya macho. Rangi inapendeza, majani laini, shina refu. Itoe nje ghafla jua likiwa la utosi, na kesho yake majani yana mabaka meupe, makavu kama karatasi. Wengi hunitumia picha za mabaka hayo wakiuliza dawa. Hapo hapana ugonjwa wa kutibu, mche umebabuka.

Tatizo liko kwenye jani lenyewe. Jua la mchana bila mawingu hufikia takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, mara nyingi ni elfu chache tu, na kioo huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Jani lililokulia hapo ni jembamba, nta yake ni haba, na vitundu vyake vya kupitishia hewa havijazoea kujifunga haraka hewa ikikauka. Basi maji hutoka upesi kuliko mizizi inavyoyaleta.

Kuna jambo maelekezo mengi hulipita: jani lililokwisha kukomaa haliwezi kujijenga upya. Litajirekebisha kiasi, lakini unene wake umeshapangwa. Kinachouokoa mche ni majani yanayochipuka wakati umekwisha kuanza kuonja hali ya nje. Ndiyo maana zile siku 7 hadi 14 za kuzoesha zinazotajwa kila mahali mimi naziona makadirio tu. Ninachokikagua ni jani jipya kwenye ncha. Likitoka nene, rangi imekolea, na shina ukiliminya kwa vidole unalihisi gumu, mche uko tayari.

Siku ya kwanza saa moja au mbili zinatosha, tena kivulini, kisha urudishe ndani. Ongeza muda kidogo kidogo. Jua la asubuhi litangulie, la mchana lije mwisho. Siku ya mawingu mazito usiihesabu kuwa ya jua. Upepo mwepesi usiuogope, kwani mche unaotikiswa hurefuka polepole na shina lake hunenepa. Hata kupitisha kiganja juu ya miche mara kadhaa kwa siku ingali ndani husaidia, ingawa ukionekana utadhaniwa unaibembeleza.

Maji punguza, usikate. Ngoja udongo wa juu ukauke, lakini usingoje majani yalale. Matango na maboga hasa usiyatese kwa kiu, yanadumaa. Mbolea yenye nitrojeni nyingi iweke kando kwanza, maana inaleta ulaini uleule unaoupiga vita.

Baridi nayo ina mambo yake. Nyanya, pilipili hoho na matango yarudishe ndani usiku ukielekea chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Kabichi huvumilia, ila miche yake iliyokwisha kunenepa shina ikikaa wiki kadhaa kwenye baridi hiyo inaweza kutoa maua badala ya kufunga kichwa. Koliflawa ukiidumaza kwa kuizoesha kwa ukali kupita kiasi hutoa vichwa vidogo visivyokua tena.

Pandikiza jioni au siku ya mawingu, trei ikiwa imenyweshwa vizuri kabla. Na kama majani yalishababuka, usiyakate mara moja: sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mche. Angalia ncha. Ikiwa bado mbichi, uachie mche kivuli chepesi siku chache, majani mengine yatakuja.