Usimamizi shirikishi wa mlango wa mto ni nini?

Mahali mto unapoingia baharini huitwa mlango wa mto. Hapo maji baridi yanayoshuka kutoka bara hukutana na maji chumvi yanayopanda bahari inapojaa, na mchanganyiko wake hautulii: husogea ndani na nje kila maji yanapojaa na kupwa. Samaki wengi wa baharini hukulia hapo wakiwa wachanga, kwa kuwa chakula ni tele na maji ya tope huwaficha wasionekane na adui. Binadamu naye hupapenda, ndiyo maana bandari na miji mingi mikubwa ya dunia imejengwa kwenye milango ya mito.

Usimamizi shirikishi ni utaratibu ambao mashirika yote yenye mamlaka au maslahi katika mlango mmoja hukubaliana lengo moja na mpango mmoja, kisha kila moja hutekeleza sehemu yake. Haimaanishi kuunda chombo kipya kinachomeza vingine vyote. Mamlaka ya bandari hubaki na bandari yake, idara ya uvuvi na leseni zake, halmashauri na mitaro yake ya maji taka. Kinachobadilika ni kwamba hakuna anayeamua peke yake jambo litakalomwangukia mwenzake.

Na mambo humwangukia mwenzake kweli. Bandari ikichimba njia ya meli iwe na kina zaidi, maji chumvi hupanda mbali zaidi mtoni, na mkulima wa juu hujikuta akimwagilia chumvi. Mkulima naye akitia mbolea kupita kiasi, mvua huipeleka mtoni. Nitrojeni na fosforasi zilizomo huotesha mwani kwa wingi, mwani hufa na kuoza, na uozo huo humaliza oksijeni majini. Samaki hukimbia, chaza, ambaye hawezi kukimbia, hufa. Ofisi ya uvuvi ikiona samaki wamepungua, chombo pekee ilichonacho ni kuwabana wavuvi. Katika mlolongo huu wote huenda hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja alifanya kazi yake barabara, na mto ukaharibika vilevile. Kwangu hilo ndilo linalouma zaidi, na ndilo sababu ya dhana hii kuwepo.

Mfano ambao umeandikwa sana ni wa Ghuba ya Chesapeake, Marekani, ambayo ndiyo mlango wa mto mkubwa kuliko yote nchini humo. Bonde linaloimwagia maji lina eneo la kilomita za mraba 166,000 hivi na linagusa majimbo sita pamoja na mji mkuu, Washington. Mwaka 1983 majimbo ya Maryland, Virginia na Pennsylvania, mji wa Washington, tume ya wabunge wa Maryland na Virginia na shirika la serikali kuu la mazingira walitia saini makubaliano ya kwanza. Mtazame Pennsylvania. Jimbo hilo halina hata kipande kimoja cha ufuo kwenye ghuba, lakini mto Susquehanna, unaopita katika mashamba yake, huleta karibu nusu ya maji baridi yote yanayoingia humo. Wavuvi wa chini wangesafisha ufuo wao miaka mia bila kufika popote kama Pennsylvania isingeketi nao mezani.

Kuketi mezani pekee hakukutosha. Mwaka 1987 washirika waliahidi kupunguza nitrojeni na fosforasi kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2000, na ahadi hiyo haikutimia. Mwaka 2010 shirika la mazingira likaweka kikomo chenye nguvu ya sheria, na kila jimbo likapewa mgawo wake wa uchafu usiopaswa kuzidi. Mwaka 2014 Delaware, New York na West Virginia, ambayo yako juu ya bonde, yakaingia kama washirika kamili. Somo ninaloliona hapo ni kwamba hiari hujenga uaminifu, lakini bila mtu wa kuuliza "mgawo wako umefikia wapi?" kazi hulala.

Wakati mwingine kinachogawanya mlango ni mpaka wa nchi. Mto Ems huingia Bahari ya Kaskazini kati ya Ujerumani na Uholanzi, na nchi hizo mbili zilikuwa zikibishana mpaka unapita wapi hasa majini. Mwaka 1960 zilitia saini mkataba ulioacha kila upande na dai lake, huku zikigawana kazi ya kutunza njia za meli. Hawakungoja kujua nani mwenye maji ndipo wayatunze.

Neno "shirikishi" limechoshwa sana na mikutano ambayo watu huitwa kusikia uamuzi uliokwisha kupitishwa. Huko ni kujulishwa. Kushirikishwa ni pale mvuvi anaposema maji yamebadilika rangi na neno lake likaingia katika vipimo. Pale takwimu za bandari na za idara ya maji zinapowekwa kapu moja kila upande uzione. Na pale panapokuwa na sekretarieti ndogo yenye bajeti yake, kwa sababu kazi ya watu wote isiyo na mtu wa kuifuatilia hubaki kwenye kumbukumbu za vikao.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni mzigo usio na mwenyewe. Kwenye mto Susquehanna, karibu na unapoingia ghubani, kuna bwawa la Conowingo lililokamilika mwaka 1928. Kwa miongo mingi lilizuia tope na mbolea visifike chini. Migawo ya mwaka 2010 ilipigiwa hesabu kwamba bwawa lingeendelea kufanya hivyo hadi 2025, lakini lilijaa tope mapema. Uchafu wa ziada ukaanza kupita, na haukuwa katika mgawo wa jimbo lolote. Washirika walilazimika kuuandikia mpango wa pekee, nje ya mipango ya majimbo, na kuanza kutafuta pamoja fedha za kuugharimia.