Kope ikishuka ghafla, usingoje boti ya kesho

Mama anaamka alfajiri huko Wete, Pemba: kope ya jicho moja imeshuka, mboni imetanuka, kila akitazamacho anakiona viwili. Nyumbani wanasema kapitiwa na upepo, anaandikiwa kombe. Kombe anywe, lakini siku hiyo hiyo afike hospitali. Nyuma ya jicho huenda upo mshipa wa damu uliotuna hadi unabana neva ya jicho.

Uvimbe huo tunauita anurizimu. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye mpira uliochoka anaujua: palipolika hutuna kama yai. Kichwani hutokea zaidi pale mishipa inapogawanyika, kwani hapo damu huupiga ukuta kwa nguvu. Presha na sigara huuchakaza zaidi. Uvimbe mwingi hubaki mdogo na mwenyewe haujui mpaka anakufa kwa maradhi mengine. Ukifika milimita 25, tunauita jitu.

Jitu hili hudanganya. Damu huzunguka ndani yake polepole na kuganda tabaka juu ya tabaka, na mtu akaona ndiyo kupona. Sivyo. Vimshipa vinavyolisha ukuta wake huweza kuvuja ndani ya ukuta wenyewe, nalo likazidi kukua na kuukandamiza ubongo.

Mwaka 1937, Walter Dandy, daktari mpasuaji wa ubongo wa Baltimore, Marekani, aliibana shingo ya uvimbe, yaani pale unapochomoza kwenye mshipa, kwa kibanio cha fedha. Vibanio bado tunavitumia, ila jitu mara nyingi halina shingo ya kubana. Ukuta umekuwa mgumu kwa chokaa, na mishipa inayolisha ubongo inachipuka humo humo. Basi daktari huzuia damu kwa dakika chache, hulipasua, hutoa damu iliyoganda, ndipo hubana. Au huunga mshipa wa ngozi ya kichwa na wa ubongo ili damu ipate njia mpya, kisha huufunga ule mbovu. Siku hizi hupitishwa pia kineli cha wavu kutoka kwenye mshipa wa paja au mkono, damu ikaupita uvimbe bila kuingia. Kila njia ina hatari ya kiharusi. Ulizeni mpaka mwelewe, ni haki yenu.

Kichwa kikiuma ghafla kama kinapasuka, kuuma kusikowahi kuonekana, shingo ikakakamaa na mgonjwa akatapika, huenda uvimbe umepasuka. Msimpe aspirini. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.