Kanisa la Mkunazini: hizi hadithi zimenichosha

Juzi tena. Wanafunzi kutoka Bara, kama arubaini hivi, wamejazana uwani pale kanisa la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwalimu wao anawasomea kwa sauti: "Andikeni, mwaka 1873 utumwa ulikomeshwa Zanzibar." Kabinti kamoja kakaandika kwa biki nyekundu, kakapiga mstari chini mara mbili. Mie nilikuwa nyuma na wageni wangu wawili, nikanyamaza kwa adabu, mwalimu ni mwalimu, lakini roho ikaniuma mpaka naingia kulala.

Natembeza wageni Mji Mkongwe miaka mingi sasa, na mie Muislamu, nimekulia nyumba chache tu kutoka hapo kanisani, adhana na kengele nimezisikia pamoja toka mdogo. Kwa hiyo nasema kama jirani wa lile jengo.

Kilichofungwa 1873 ni soko la watumwa, lililokuwa hapo hapo palipojengwa kanisa. Juni mwaka ule Sayyid Barghash, sultani wetu, alibanwa na Waingereza, konseli wao John Kirk akamwambia usipotia saini manowari zitakizingira kisiwa, akatia saini: marufuku kusafirisha watumwa baharini, na masoko ya hadhara yafungwe. Bas. Aliyekuwa mtumwa kwenye mikarafuu ya Pemba siku ile, kesho yake aliamka mtumwa vilevile, akaenda kuchuma karafuu za bwana wake. Na biashara yenyewe haikufa, ilijificha tu, nenda Mangapwani kwenye kile chumba cha chini kwa chini uwasikilize watu wa huko wanavyosimulia jinsi watu walivyokuwa wakifichwa mle baada ya mkataba, wakingoja jahazi la usiku.

Amri ya kuuondoa utumwa kisheria imekuja tarehe 6 Aprili 1897, kaitoa Sayyid Hamoud bin Mohammed, sultani wa wakati huo. Na hata hapo usidhani ilikuwa unaamka asubuhi unaambiwa uko huru, nenda zako. Ilibidi mwenyewe uende mahakamani ukaudai uhuru wako, na fidia akalipwa bwana. Ndiyo, bwana ndo kalipwa! Na masuria, watumwa wanawake waliowekwa kinyumba na mabwana zao, hawakuingizwa kabisa, wamesubiri mpaka 1909.

Sasa piga hesabu. 1873 mpaka 1897 ni miaka 24, mtoto aliyezaliwa utumwani 1875 amefika hapo mtu mzima. Kanisa nalo limejengwa katikati ya miaka hiyo hiyo, jiwe la msingi Krismasi ya 1873, ibada ya kwanza Krismasi ya 1877, jengo lenyewe bado halijaisha. Yaani Askofu Steere wa misheni ya Anglikana anasalisha pale ndani na nje ya ukuta mitaani kuna watu bado wana mabwana wanaowamiliki. Wageni wangu nikiwaambia hivi wananyamaza, na mimi napenda wanyamaze, kwa sababu hapo ndo unaelewa kanisa lile lilikuwa la nani. Wengi waliolijaza mwanzo walikuwa mateka, ndivyo walivyoitwa, watu walioteremshwa na manowari kutoka majahazi yaliyokamatwa, wakapelekwa kwenye shamba la misheni Mbweni, hapa hapa Unguja, ambalo lilinunuliwa 1871, wakapewa vipande vya kulima, watoto wakatiwa skuli. Mtu katoka jahazini hana ukoo, hana kabila la kurudi, parokia ndo ikawa ukoo wake, ikamwoza na ikamzika.

Ndo maana nachefuka nikisikia eti Wakristo wa Unguja wote ni watu wa Bara waliokuja juzi kutafuta kazi. Wapo wa kuja, sikatai. Lakini bibi mmoja jirani yetu kwao Mbweni, babu wa babu yake aliletwa na manowari, Krismasi anatuletea pilau na Sikukuu ya Idi sisi tunampelekea sahani, umwambie yeye wa kuja? Na lugha iliyosaliwa mle ni Kiswahili cha hapa hapa, Steere huyo huyo ndo aliyekaa na wenyeji akaandika kitabu cha sarufi 1870 na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia, halafu 1928 mkutano wa lugha umekaa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, sasa mnaosomea hiki Kiswahili skuli huko kwenu mnadhani kimetoka wapi.

Hadithi nyengine nazipitisha haraka. Vile vyumba vya chini pale karibu na kanisa, vyenye dari fupi na minyororo, papasi, yaani hawa wanaowaganda wageni mitaani, anakwambia ndimo walimolala watumwa usiku wa kuamkia mnada. Taratibu. Jengo la juu yake lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, na wakati huo soko lilishafungwa zamani, wanahistoria wameshalihoji hilo jambo na papasi hataki kusikia kwa sababu chozi la mgeni lina bakshishi. Mateso yalikuwa kweli, ushahidi wa vyumba ndo mwembamba. Mimi nampeleka mgeni kanisani kwanza, asimame kwenye lile duara la marumaru mbele ya altare panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia, kisha kwenye sanamu za mchongaji Clara Sörnäs nje, wale watu shimoni na mnyororo shingoni, chini tunamalizia.

Wapo wanaodai moyo wa Livingstone, yule msafiri na mmisionari aliyepinga utumwa, umo kanisani. Haumo. Umezikwa Chitambo, Zambia, mwili uko London, na mwenyewe kafa Mei 1873, hata soko halijafungwa, hajawahi kuliona hilo kanisa. Kilichopo ni msalaba, umechongwa kwa mti uliokuwa juu ya ule moyo.

Wengine wanalichanganya na kanisa la Minara Miwili. Hilo ni la Wakatoliki, liko kule upande wa Shangani na limekuja baadaye, miaka ya 1890. La Mkunazini ni Anglikana na mnara wake mmoja. Hesabuni minara, jamani.

Na wanaosema siku hizi pale ni makumbusho tu, waje Jumapili asubuhi na tiketi mkononi. Watangoja uwani na mimi, mpaka watu wamalize kusali.