Eksirei za Galaksi Hai: Mstari wa Chuma na Mambo Yanayoupotosha

Eksirei za angani hazifiki ardhini kwa sababu angahewa huzimeza, kwa hiyo ni lazima zipimwe kutoka juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru siku hiyo, na setilaiti ikapewa jina Uhuru. Miongoni mwa vyanzo ilivyovinasa ni NGC 4151, galaksi hai, yaani ile ambayo kiini chake hung'aa sana kwa sababu ya gesi inayovutwa humo.

Katika kiini cha galaksi kama hiyo kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara mamilioni, na kwingine mabilioni. Gesi inayovutwa huko huzunguka kwanza ikiwa diski. Juu ya diski kuna korona, yaani elektroni zenye joto la nyuzi bilioni hivi, ambazo huzigonga fotoni (chembe za mwanga) za diski na kuzipandisha hadi nishati ya eksirei. Baadhi hurudi chini na kupiga diski, na atomi za chuma hujibu kwa mstari, yaani eksirei zenye nishati moja mahususi, wa elektronivolti (kizio cha nishati) 6,400. Huo ndio mstari tunaoutegemea kuliko mingine yote. Chuma kilicho mbali na shimo hutoa mstari mwembamba. Kilicho karibu kabisa huzunguka kwa kasi kubwa mno, na mvutano wa shimo huzipunguzia fotoni nishati, hivyo mstari hutanuka na kuota mkia unaoweza kushuka hadi karibu na 4,000. Setilaiti ya Kijapani ASCA iliuona mkia huo katika galaksi MCG-6-30-15, na matokeo yakachapishwa 1995.

Lakini umbo la spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati zao, hupotoshwa kirahisi, na mkosaji wa kwanza ni kamera yenyewe. Fotoni mbili zikitua mahali pamoja kabla kamera haijasomwa, huhesabiwa moja yenye nishati ya zote mbili. Kamera kuu ya setilaiti Chandra ikitumika nzima husomwa kila sekunde 3.2, na kamera iitwayo pn ya setilaiti XMM-Newton kila milisekunde 73. Chanzo kikiwa king'avu, hesabu ya fotoni hupungua na spektra huegemea nishati ya juu. Dawa ni kuomba mapema isomwe sehemu ndogo tu ya kamera. Kama data imeshachukuliwa, kata katikati ya picha ya chanzo ubaki na pete ya nje.

Kuna pia protoni. Eksirei huakisiwa tu zikigusa kioo kwa pembe ndogo sana, ndiyo maana kila darubini ya XMM-Newton ina vioo 58 vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Vioo hivyohivyo hupitisha protoni, chembe zenye chaji zilizoko angani, hadi kwenye kamera, nazo huhesabiwa kana kwamba ni eksirei. Kabla ya kutazama spektra, chora grafu ya hesabu kwa muda, kati ya elektronivolti 10,000 na 12,000, kisha ondoa vipindi vinavyozidi 0.4 kwa sekunde kwenye pn. Kiwango hicho ni cha kuanzia tu. Itazame grafu yako kwanza.

Data safi nayo ina mtihani wake: mawingu ya gesi yanayofunika sehemu ya kiini yanaweza kuipinda spektra ikafanana na mkia. Kamera zinazoishia karibu na elektronivolti 10,000 haziwezi kuamua kama ni diski au ni mawingu. Setilaiti NuSTAR, iliyorushwa Juni 2012, husoma kuanzia 3,000 hadi 79,000. Ikishirikiana na XMM-Newton kuiangalia galaksi NGC 1365, ilionyesha nundu ya eksirei zilizoakisiwa na diski ambayo mawingu peke yake hayaielezi. Matokeo hayo ya 2013 yaliupa nguvu sana upande wa diski.

Setilaiti XRISM ya Japani, iliyorushwa Septemba 2023, hutenganisha nishati zinazopishana kwa elektronivolti 5 hivi. Kamera za kawaida hazishuki chini ya 100 kwenye mstari wa chuma. Kifuniko cha kipimo chake kilikataa kufunguka, hivyo eksirei za chini ya 1,700 hivi huzuiwa, ila mstari wa chuma hupita.

Data za setilaiti hizi huwekwa wazi, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja, na nyingi ziko katika hifadhi ya HEASARC ya NASA. Programu ya uchambuzi XSPEC ni ya bure. Ukitumia kipimo cha kai-mraba, kinachopima jinsi modeli inavyolingana na data, kusanya angalau fotoni 25 kwa kila kisanduku cha nishati: kosa la kuhesabu hapo ni 5, na zikiwa chache zaidi kipimo hicho hudanganya.